Afungiwe Kuku au Ifungiwe Bustani?

Ni balozi gani wa nyumba kumi, au mwenyekiti gani wa kitongoji, ambaye hajawahi kuketishwa chini ya mti kuamua kesi ya kuku na mchicha? Mlalamikaji amehamishia miche yake jioni, akaimwagilia, akaenda kulala. Kulipopambazuka, kuku wa jirani walikuwa wameshaligeuza tuta zima, mizizi juu na majani chini. Mwenye kuku naye ana jibu lake: kuku hajui mpaka, na aliyeacha mboga wazi ndiye aliyemkaribisha. Wote wawili wana hoja, na ndiyo maana kesi hizi huisha kwa kuombana radhi leo na kuanza upya wiki ijayo.

Mara nyingi hata jirani hayumo. Mama mwenye kuku ndiye huyohuyo mwenye bustani, na hasara anayoipata asubuhi ameifuga mwenyewe. Miradi ya lishe imelizidisha jambo hili bila kukusudia. Inashauri kila kaya iwe na bustani ya mboga karibu na jiko, mahali ambapo maji ya kuoshea mboga na ya kunawia mikono yanaweza kuishia kwenye matuta. Rwanda wamelifanya hilo kuwa kampeni ya nchi nzima, na kila mtu huko anaijua akarima k'igikoni, yaani bustani ya jikoni. Miradi ileile inahimiza kila kaya ifuge kuku ili watoto wapate mayai. Lakini karibu na jiko ndipo kuku wanaposhinda, kwa sababu ndipo makombo, chenga na maji machafu yalipo. Somo la bustani hufundishwa siku moja, somo la kuku siku nyingine, kisha mwenye nyumba anaachiwa kazi ya kuyapatanisha.

Ninalotaka kulitetea hapa ni hili: katika uwanja wa kawaida wa kijijini, na hata pembezoni mwa miji ambako bado kuna nafasi, kinachostahili kuzungushiwa uzio ni bustani. Kuku afungiwe kwa siku na saa maalumu tu. Sisemi hivyo kwa kuwaonea huruma wenye kuku. Nasema hivyo kwa sababu ya tabia ya kuku mwenyewe, bei ya chakula chake, na namna hasara ya bustani inavyotokea.

Kuku wa kufugwa ametokana na kuku mwitu mwekundu wa misitu ya kusini-mashariki mwa Asia, ndege anayepata riziki yake chini kwenye majani makavu yaliyooza nusu. Anapiga mateke mawili matatu, anarudi nyuma hatua moja, anatazama kilichofichuka, anadonoa. Mwaka 1989 mtafiti wa Uingereza, Marian Stamp Dawkins, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya kuku mwitu hao waliokuwa wakiishi katika bustani ya wanyama. Aliwahesabia dakika walizokuwa macho na wenye shughuli: katika asilimia 60 ya dakika hizo walidonoa ardhi, na katika asilimia 34 walichakura. Ndege hao walikuwa wakipewa chakula mara kwa mara. Habari hiyo ina uzito mkubwa kwa mwenye bustani, kwa kuwa inaonyesha kwamba kumshibisha kuku kunaweza kumpunguzia safari, lakini hakumwondolei hamu ya kuchakura. Anayemwaga pumba asubuhi kwa matumaini kwamba kuku akishiba atauacha mchicha anajidanganya.

Na bustani ina kila kitu anachokitaka. Udongo wake ni laini kwa kuwa umelimwa, una unyevu kwa kuwa unamwagiliwa, una minyoo na mabuu kwa kuwa umetiwa samadi. Chini ya majani ya maboga kuna kivuli. Ukingo wa tuta ukikauka unakuwa vumbi zuri la kuogea. Tena kuna matandazo, yale majani makavu ambayo kila bwana shamba anatuhimiza tuyatandaze ili maji yasipotee na magugu yasiote. Kwa kuku, tuta lililotandazwa ni kipande cha msitu wa mababu zake. Atayatawanya matandazo yote hadi kwenye mifereji akitafuta kilicho chini yake. Wanaofundisha kilimo hifadhi wangepaswa kulisema hili waziwazi: ukitandaza bila kuzuia kuku, umeita kuku.

Kwa hiyo hasara kubwa ya bustani haitoki mdomoni mwa kuku, inatoka miguuni. Watu hudhani kwamba wakipanda mboga asizozipenda watasalimika. Ni kweli kuku hana hamu na majani ya vitunguu, vitunguu saumu wala pilipili, ilhali mchicha, chainizi, spinachi na sukuma wiki huzila hadi kubakiza shina. Lakini mche wa kitunguu uliong'olewa kwa ukucha unakauka juani sawasawa na mche wa mchicha. Kitalu cha mbegu ndogo, kama za figiri au mnavu, kinaweza kuharibika kwa dakika chache bila kuku kula hata jani moja: mbegu zimefukiwa chini mno, au zimerushwa njiani. Nyanya ni kisa cha peke yake, maana huko mdomo ndio unaoharibu. Tunda likianza kuwa jekundu hudonolewa, na tunda lililodonolewa mara moja huoza.

Tofauti hii ya mguu na mdomo inatupa jambo la kushikilia. Mguu wa kuku ni hatari kubwa kwa mmea mchanga na hatari ndogo kwa mmea uliokwisha kushika. Bamia refu, mbaazi, mipapai, migomba na mihogo huvumilia kuku wanaopita chini yake, alimradi mizizi isiachwe wazi. Matembele yakishatambaa na kufunga ardhi hurudi hata yakidonolewa. Sukuma wiki iliyokomaa hupoteza majani ya chini, yale ambayo kuku anayafikia akiruka, lakini kichwa hubaki. Bustani basi haiko hatarini kwa kiwango kilekile mwaka mzima. Ina siku zake za hatari: siku za kitalu, na wiki tatu nne za kwanza baada ya kuhamishia miche.

Kuku naye ana misimu yake. Chukua Singida na Dodoma, nyanda kavu zenye msimu mmoja wa mvua, ambako kuku wa kienyeji ni mali inayosafirishwa kwa matenga hadi Dar es Salaam. Baada ya mavuno ya mtama, uwele na mahindi, uwanja na mashamba yamejaa punje zilizodondoka, na kuku wananenepa bila kusumbua mtu. Ikifika Septemba na Oktoba ardhi ni tupu na ngumu. Mahali pekee penye ukijani na udongo laini ni pale mtu anapomwaga ndoo za maji kila jioni. Na huo ndio wakati ambao mboga ni adimu na zina bei nzuri sokoni. Njaa ya kuku na thamani ya bustani hufika kileleni pamoja. Nadhani hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wote wa vijijini juu ya kuku, na wasuluhishi wengi huamua kesi bila kutazama kalenda.

Sasa tuingie kwenye hesabu ya kumfungia. Ushauri wa kisasa, hasa wa wauza vifaranga, ni kwamba ufugaji huria umepitwa na wakati na kuku akae bandani. Kwa kuku wa mayai wa kisasa sina ubishi. Yule amezalishwa kwa ajili hiyo, anakula takriban gramu 110 hadi 120 kwa siku na kulipa kwa yai karibu kila siku. Kuku wa kienyeji ni habari nyingine. Katika mazingira ya kijijini tetea mmoja hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, kwa vipindi vitatu hivi, kisha huatamia na kulea. Tuseme una matetea kumi na unampa kila mmoja gramu 100 za chakula kwa siku. Hiyo ni kilo moja kwa siku, kilo 365 kwa mwaka, zaidi ya magunia matatu na nusu ya kilo mia. Wote kumi wakitaga mayai 50 kila mmoja, umepata mayai 500. Kila yai limekula karibu robo tatu ya kilo ya chakula. Hakuna mama wa kijijini anayeweza kuibeba hesabu hiyo, wala hapaswi kuambiwa kwamba kuikataa ni ujinga.

Kinachomfanya kuku wa kienyeji awe mali ni kwamba anajilisha. Anageuza mchwa, kumbikumbi, mbegu za magugu, makombo na mende kuwa nyama na mayai, na hakuna anayelipia. Ukimfunga kutwa, umemwondolea chakula hicho chote na kujitwisha wewe. Pumba peke yake haitoshi. Atahitaji protini, yaani dagaa au mashudu, na vyote vina bei. Ni kweli kwamba kuku aliyefungwa na kulishwa vizuri hutaga zaidi kuliko anayezurura, na kwamba vifaranga vingi zaidi vitapona mwewe, kicheche na nguchiro. Hilo lazima likubaliwe. Lakini banda la kushinda humo mchana kutwa linataka usafi wa kila siku, na mahali ambapo usafi huo haupo, kuhara damu, viroboto na utitiri hufanya kazi ambayo mwewe hangeweza kuifanya kwa mwaka.

Banda la usiku ni jambo jingine, na hilo halina mjadala. Kila mwenye kuku anapaswa kuwa nalo, hata kama ni dogo la fito na udongo lililoinuliwa juu ya nguzo. Bila banda la usiku huwezi kuwakamata kuku wote kwa ajili ya chanjo ya kideri, ambao Watanzania wengi wanauita mdondo, ugonjwa unaoweza kufyeka kuku wa kijiji kizima. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto na kutolewa kwa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu au minne, hutengenezwa Tanzania huko Kibaha, na imewafaa sana wafugaji wadogo. Kuku wanaolala juu ya mwembe hawachanjwi. Tena, kwa mada yetu, banda la usiku ndilo linalokupa mamlaka juu ya saa. Anayefungua mlango ndiye anayeamua kuku watoke lini.

Na saa zina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Kuku hutafuta chakula kwa bidii zaidi asubuhi na tena kuelekea jioni, na mayai mengi hutagwa kabla ya adhuhuri. Ukiwafungulia saa nane au saa tisa alasiri badala ya alfajiri, unapata mayai bandani badala ya kuyasaka vichakani, na unabaki na saa tatu nne tu za kuwatazama kabla hawajarudi wenyewe magharibi. Bila shaka utalazimika kuwapa kitu cha asubuhi, na watakosa baadhi ya wadudu. Kwa hiyo sishauri ratiba hiyo kwa mwaka mzima. Naishauri kwa siku za kitalu na za kuhamishia miche, na kwa wiki mbili za kwanza baada ya kupanda mahindi, maana kuku ni hodari wa kufukua mbegu za mahindi karibu na nyumba. Kuwafungia kuku wakati wa kupanda si jambo geni, na mwenye umri mkubwa kijijini hatahitaji kufundishwa.

Tukiwa tumekubaliana hivyo, uzio wa bustani uweje? Kuku wa kienyeji ni mwepesi na anaruka vizuri. Uzio wa mita moja humzuia chotara mzito, wa aina ya Sasso au Kuroiler, lakini tetea wa kienyeji ataupita bila jasho. Mita moja na nusu hadi mita 1.8 ndicho kimo cha kuaminika. Hata hivyo urefu si kila kitu, kwa sababu kuku akiweza huupanda uzio kwa vituo viwili: kwanza anatua juu yake, anapima, kisha anashuka upande wa pili. Ukimnyima mahali pa kutua, umeongeza kimo cha uzio bila kununua kitu. Usiweke mti wa kulala juu ya wavu. Acha wavu uning'inie legelege kwenye nusu mita ya juu, au, kama ni uzio wa matete na mabua, acha ncha zake zisimame huru juu ya kamba ya mwisho ili ziyumbe zikiguswa. Halafu ondoa vinu, mapipa, visiki na magogo karibu na uzio, maana hivyo ndivyo ngazi zake.

Wengi huhangaika na juu wakasahau chini. Kuku hupenya mara nyingi zaidi kuliko anavyoruka. Nafasi ambayo kichwa na kifua vinapita, mwili wote utapita, na pale ambapo wavu haukugusa ardhi atachimba mpaka apate njia. Wavu uzikwe kiganja kizima ardhini, au ukunjwe kuelekea nje na kugandamizwa kwa mawe. Kwenye uzio wa fito, matawi ya miiba yaliyosukumwa chini hufanya kazi hiyo bure.

Vifaranga huwatia watu wasiwasi usio na sababu. Kwa wavu wa matundu makubwa watapita, ndiyo, lakini ukucha wa kifaranga hauna nguvu ya kung'oa mche, na mama akibaki nje watarudi akiwaita. Ni kuku mwenye vifaranga ndiye anayepaswa kuzuiwa kuliko wote, kwa sababu anachakura kwa ajili ya matumbo kumi na kwa nguvu ya kumi. Desturi ya kumfunga kamba mguuni, au kumfunika chini ya tenga na kuviacha vifaranga vikizunguka, ni nzuri kwa majuma ya kwanza, mradi awe kivulini, apate maji, na kamba isimkate.

Vifaa hutegemea mahali. Pwani kuna makuti, kandokando ya mito kuna matete, nyanda za juu kuna mianzi, na bara kavu kuna mabua ya mtama ambayo mchwa huyamaliza kabla ya mwaka. Wavu wa kuku unadumu miaka lakini unataka fedha taslimu. Uzio wa miti hai ni wa bei ndogo, ila lazima nitoe tahadhari: minyaa, mbono na michongoma hupandwa kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi, na chini huacha mapengo ambayo kuku anapita akitembea. Uzio hai wa kuku lazima uwe mnene tangu kwenye udongo, na mchaichai uliopandwa kwa msongamano ndani ya mstari wa minyaa husaidia sana. Utomvu wa mnyaa ni hatari kwa macho, kwa hiyo ukatwe na mtu mzima anayejua anachofanya, watoto wakiwa mbali.

Kuna hesabu moja ya uzio ambayo ningetamani kila kikundi cha akina mama kiifanye kabla ya kununua hata mita moja ya wavu. Bustani ya mita 10 kwa 10 inataka uzio wa mita 40. Majirani wanne wenye bustani za namna hiyo, kila mmoja akizungushia yake, watanunua mita 160. Wakiziunganisha ziwe kipande kimoja cha mita 20 kwa 20, watahitaji mita 80 tu kwa eneo lilelile la mita za mraba 400. Gharama imepungua kwa nusu bila msaada wa mfadhili yeyote. Pale ambapo viwanja vimepakana, hili linawezekana leo. Linataka watu waelewane juu ya lango, ufunguo na zamu ya kukarabati, na najua kwamba kuelewana si kazi rahisi. Lakini ni rahisi kuliko kukosa mboga kila mwaka.

Mwenye tuta moja au mawili hahitaji uzio kabisa. Fito zilizopindwa upinde juu ya tuta na kufunikwa kwa wavu au neti hulinda kitalu mpaka miche ipate nguvu. Neti za mbu zilizochakaa hutumika sana kwa kazi hii na zinafaa, kwa sharti kwamba ni chakavu kweli. Neti nzima mahali pake ni kitandani. Nyavu kuukuu za kuvulia samaki, zinazopatikana kwa wingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zinataka uangalifu kwa sababu kuku na hata mijusi hunaswa miguu wakafa humo. Kwa mche mmoja mmoja, kama mpapai au mchungwa mchanga, mawe bapa yaliyopangwa kuzunguka shina huzuia mguu wa kuku na kuhifadhi unyevu kama matandazo. Bustani za magunia, zilizoenea Kibera baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 na 2008 kwa msaada wa shirika la Solidarités, zinapunguza tatizo lakini haziliondoi. Kuku huchuma majani ya ubavuni kadiri shingo inavyofika, na akipata pa kurukia huchakura juu. Panda matembele ubavuni chini, na mboga laini juu, kisha zungushia mdomo wa gunia vijiti vya miiba.

Kukata mabawa kunafaa kwa wakorofi wachache. Hukatwa manyoya marefu kumi ya mwisho, ya bawa moja tu, ili kuku apoteze mizani anapojaribu kuruka. Manyoya yaliyokomaa hayana damu, lakini yale mapya ambayo shina lake bado ni jeusi au la bluu yana damu ndani na yasiguswe. Yataota tena kuku akinyonyoka. Sipendi kazi hiyo ifanywe kwa kundi zima linalozurura: kuku asiyeweza kuruka hana pa kukimbilia akifukuzwa na mbwa au kicheche.

Zipo dawa nyingi zinazosifiwa ambazo hazina faida. Kunyunyizia maji ya pilipili ndiyo iliyoenea zaidi, na ndiyo iliyo bure zaidi. Ukali wa pilipili hauko kwenye jani wala kwenye ulimi peke yake. Unatokana na kikemikali kinachogusa kipokezi maalumu cha neva za mamalia. David Julius wa Chuo Kikuu cha California, ambaye mwaka 2021 alishiriki Tuzo ya Nobel ya tiba kwa ugunduzi wa vipokezi vya namna hiyo, alionyesha mwaka 2002 akiwa na mwenzake Sven-Eric Jordt kwamba kipokezi hicho cha kuku hakisisimki kwa kikemikali cha pilipili. Kuku anaweza kula pilipili kichaa mchana kutwa bila kuwashwa. Atakayelia ni wewe uliyeitwanga. Sanamu za kutishia ndege na kanda zinazong'aa hufanya kazi siku chache, kisha kuku huzizoea, na mwishoni hukaa kwenye kivuli chake.

Kuhusu sumu nataka kusema wazi. Wapo wanaochanganya punje za mahindi na kiuatilifu na kuzitawanya kwenye bustani ili kumkomesha jirani. Huo ni uhalifu, na hatari yake haiishii kwa kuku. Kuku aliyekula sumu hachukui muda kuzimia, na katika nyumba yenye shida huwahiwa kisu na kupikwa. Mbwa na paka hula mizoga. Mtoto anayeokota punje hajui zilikusudiwa nani. Hakuna tuta la mchicha lenye thamani ya hatari hiyo, na mwenyekiti anayesikia habari hizo asizimalize kwa maneno chini ya mti.

Upo upande wa afya ambao unatia nguvu hoja ya uzio hata mahali ambapo kuku hawang'oi kitu. Kinyesi kibichi cha kuku huunguza mimea michanga kwa wingi wa naitrojeni, na kinaweza kubeba bakteria wa kuharisha kama salmonela na kampilobakta. Mboga za majani zinazoliwa mbichi, kama letusi kwenye kachumbari, hazifai kabisa kupitiwa na kuku. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 zipite kati ya kutia samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo, na siku 90 kwa lisilogusa. Kuku anayezurura bustanini hahesabu siku. Nchini Zimbabwe, watafiti waliofuatilia watoto wadogo uwanjani waliwaona wakiokota kinyesi cha kuku na kukipeleka mdomoni. Kwa nyumba yenye mtoto anayetambaa, ningependa uzio wa pili, mdogo, wa kumpa mtoto mahali safi pa kuchezea.

Kinyesi hichohicho kikikusanywa bandani kila asubuhi, kikachanganywa na majani makavu na majivu kidogo, kikageuzwa na kuachwa kikaiva, ni mbolea ambayo wakulima wa mboga wanaitafuta kwa fedha. Hii ni sababu nyingine ya banda la usiku. Na kuku mwenyewe ana kazi ndani ya bustani, ila kwa wakati wake. Mboga zikishavunwa na masalia kung'olewa, fungua lango uwaingize kwa wiki mbili. Watafukua sota, mabuu ya mbawakawa na mbegu za magugu. Kantangaze, yule mdudu wa nyanya aliyeripotiwa Tanzania mwaka 2014, hupitisha hatua ya bundo mara nyingi udongoni, na viwavijeshi vamizi waliofika baadaye hufanya hivyo pia, sentimita chache tu chini ya uso wa ardhi, pale ambapo ukucha wa kuku unafika. Sisemi kuku watawamaliza. Nasema mguu uleule uliokuwa adui wa mche unakuwa jembe lisilolipwa, na baada ya hapo funga lango, acha ardhi ipumzike, ndipo upande tena.

Inabaki hoja ya nani alipe. Kama nimesema bustani ndiyo izungushiwe, je, nimemtwika mwenye mboga mzigo wa kuku wa mwenzake? Ingekuwa hivyo kama uzio ungeachwa kuwa wake peke yake. Mwenye kuku ananufaika na uwanja wa wote: kuku wake wanakula mchwa wa shamba la jirani na punje za uwanja wa jirani, na hakuna anayemdai. Ni haki basi kwamba achangie nguzo na nguvu zake upande wa mpaka anaopakana nao, na awafungie kuku wake siku za vitalu akiarifiwa mapema. Mwenye mboga naye akubali kwamba akiacha matuta wazi katika kiangazi, na hakumwarifu mtu, hana kesi. Makubaliano ya namna hiyo yakiandikwa kwenye daftari la kitongoji, msuluhishi anakuwa na kitu cha kushika, na siku ya chanjo ya kideri, ambayo hata hivyo inawataka majirani wote wafungie kuku wao kwa pamoja, inafaa sana kuyakumbushia.

Mjini hoja yangu inaanza kudhoofika. Nairobi ilipitisha mwaka 2015 sheria ya kaunti ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, na miji mingi ya kanda hii ina sheria ndogo zake juu ya mifugo inayozurura. Lakini kabla ya sheria, ni ardhi yenyewe inayoamua. Kiwanja cha mita 15 kwa 20 chenye nyumba, choo, kisima na matuta mawili hakina wadudu wa kumlisha kuku hata mmoja. Kuku huyo anaishi kwa jalala la mtaa na mboga za watu, na mwenyewe anamwita wa kufugwa huria. Hapo anayepaswa kufungiwa ni kuku: wachache, wanne au watano, kwenye banda lenye wavu na kivuli, na kila jioni mwenye bustani awafungie fungu la majani ya nje ya sukuma wiki, mashina ya mchicha na magugu aliyong'oa, alitundike kimo cha shingo zao, walidonoe huko huko ndani.